Darajani Hakuna Daraja

Mgeni akiteremka Darajani, katika mji wa Zanzibar, kwa mara ya kwanza huangaza macho kutafuta daraja. Anaona soko, magari ya abiria yaliyobanana, wauza simu na wauza ndizi, daraja halioni. Na lilikuwepo. Palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutoka upande wa Funguni ukaukata mji vipande viwili. Upande wa magharibi yakakaa majumba ya mawe, upande wa pili nyumba za udongo na makuti, na kwa kuwa ili ufike huko ilibidi uvuke maji, pakaitwa Ng'ambo. Katika karne ya 20 mkono ule ukajazwa kifusi hatua kwa hatua mpaka ukageuka barabara na viwanja. Maji hayapo tena, daraja halipo, majina yamebaki.

Hata ulimi haujakubali. Mtu wa Michenzani, anayeweza kufika Darajani kwa mguu kabla kahawa yake haijapoa, akiulizwa anakwenda wapi atakujibu, "Nakwenda mjini." Keshazaliwa mjini, kasoma skuli za mjini, kaoa mjini, lakini bado anakwenda mjini.

Nimeanza na Darajani kwa sababu jambo lililotokea pale, kwa udogo wake, ndilo linalotokea duniani kote kwa ukubwa wa kutisha: mahali pawili palipokuwa mbalimbali pakawa pamoja, na hakuna aliyetangaza siku ilipotokea. Wataalamu wa miji wana jina la jambo hilo. Mwaka 1915 Mskochi mmoja aitwaye Patrick Geddes, aliyeanza kama mwanabiolojia kabla ya kugeukia miji, aliandika kwamba ramani za Uingereza zimepitwa na wakati. Zilionesha Manchester kama doa moja na miji ya jirani yake kama madoa mengine, kila doa na jina lake na baraza lake, wakati mtu akipita kwa treni aliona nyumba, viwanda na mabomba ya moshi bila kukatika. Geddes akatunga neno jipya la Kiingereza kwa vitu kama hivyo. Sisi tuseme miji iliyoungana, inatosha.

Kuna kuchanganya mambo hapa. Mji kupanuka na miji kuungana si kitu kimoja, ingawa mara nyingi cha kwanza ndicho kinacholeta cha pili. Mji ukipanuka una kitovu kimoja, na pembezoni mwake mashamba yanaliwa taratibu. Miji ikiungana kuna vitovu viwili, vitatu au zaidi, kila kimoja kina soko lake, historia yake na majivuno yake, halafu mwanya kati yao unajaa. Ruhr huko Ujerumani ndiyo mfano unaofundishwa kila mahali: Essen, Dortmund, Bochum na Duisburg zilikua kila moja na machimbo yake ya makaa ya mawe na viwanda vyake vya chuma mpaka zikagusana. Hakuna aliye mkubwa wa wenzake. Na watu wa kule wakitaka kujua nani ni nani huulizana wanashabikia timu gani ya mpira.

Halafu kuna kiwango cha juu zaidi, ukanda mzima wa miji mikubwa. Mwaka 1961 Mfaransa Jean Gottmann aliutazama mwambao wa mashariki wa Marekani, kutoka Boston kupitia New York na Philadelphia hadi Washington, akasema huu sasa ni mfumo mmoja. Kati ya miji hiyo kuna misitu na mashamba mengi tu. Kilichoifanya iwe mfumo ni watu, bidhaa, fedha na habari zinazopita kati yake kila siku.

Kwa hiyo, mji unaungana na mwenziwe kwa kipimo gani? Ukitumia macho, utasema pale nyumba zinapogusana. Mimi naona macho yanachelewa. Kipimo cha kweli ni safari ya asubuhi: watu wanalala wapi na wanafanya kazi wapi, mtoto anasoma wapi, samaki wa chakula cha mchana anatoka soko lipi. Safari ndiyo inayotangulia, nyumba zinafuata barabara ya safari, na serikali inakuja mwisho kabisa ikihema, imebeba mihuri. Angalia Budapest. Buda na Pest zilitazamana miaka na miaka, kila moja ukingo wake wa mto Danube. Daraja la kudumu la kwanza likafunguliwa mwaka 1849. Buda, Pest na Óbuda zikafanywa mji mmoja mwaka 1873, miaka 24 baadaye. Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wakivuka kwenda na kurudi huku wakihesabiwa kuwa wageni wa miji miwili.

Sasa tupande gari la 502, la Bububu.

Linatoka Darajani, linapita Bwawani na Kinazini, linashika njia ya Saateni. Bi mkubwa aliyekaa mbele yangu ana kikapu cha muhogo, kitu cha kuchekesha kidogo, maana zamani muhogo ulitoka Bububu kuja mjini na leo unatoka mjini kurudi Bububu. Tunapita Maruhubi. Pale yapo magofu ya jumba alilojenga sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, likaungua mwaka 1899. Mbele kidogo ni Mtoni, alikokaa baba yake, Seyyid Said, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Majumba haya yalijengwa nje ya mji kwa makusudi: mtawala akichoka na kelele na joto la mjini alikwenda kupumzika shamba, akae kwenye minazi na upepo. Leo gari halijapata hata kupiga mbio kati ya Saateni na Mtoni. Nyumba, gereji, duka la vifaa vya ujenzi, msikiti, nyumba, duka jengine la vifaa vya ujenzi. Kibweni. Nyumba. Konda anaita, "Bi mkubwa, Bububu skuli hapo, unateremka?" Bi mkubwa anasema bado, yeye anakwenda mbele. Na mbele kweli bado kuna mji, upande wa Chuini, ambako nilipokuwa mdogo tulikwenda kuokota maembe.

Ukiuliza mji uliifikia Bububu lini, jibu linategemea unapima nini. Kwa maji, ni zamani sana. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji kwa mfereji kutoka chemchemi za upande ule mpaka mjini. Kwa usafiri, ni mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ilipotandika reli ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, na treni ya moshi ikawa inapita mbele ya milango ya watu kwenye njia nyembamba hadi katika miaka ya 1920. Kwa nyumba, ni juzi tu. Maji yalitangulia, usafiri ukafuata, matofali yakaja nyuma yake.

Takwimu za sensa zinaonesha kilichotokea. Mwaka 2012 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 wakawa 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka watu 593,678 ukafika 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Lakini ukiufungua mkoa huo ndani utaona jambo linaloshangaza. Wilaya ya Mjini, yaani Mji Mkongwe na Ng'ambo ya zamani, ilikuwa na watu kama 223,000 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye wakawa kama 219,000. Walipungua. Ongezeko lote, na zaidi, lilikwenda Magharibi, sehemu ya pili ya mkoa huo, ambako watu waliotoka kama 370,000 wakafika kama 674,000. Kwa maneno mengine, mji uliokua ni ule ambao kwa jina si mji: Fuoni, Kijitoupele, Tomondo, Kisauni, Kianga, Chukwani. Wilaya ya Mjini imebaki kama kitovu cha gurudumu, na gurudumu lenyewe linazidi kupanuka.

Kwa nini huko, na kwa nini kwa namna ile? Hapa lazima turudi nyuma kwenye eka tatu, na mtu asiyeelewa eka tatu hawezi kuelewa mtaa wowote wa Magharibi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitaifishwa na familia zikagaiwa vipande vya eka tatu tatu walime. Mtu alipewa minazi, migomba, mahali pa kupanda muhogo. Mpango mzima ulikuwa wa shamba. Lakini mwenye eka tatu anazeeka, watoto wanakuwa saba, mji unasogea, na siku moja anatokea mtu na fedha mkononi anataka futi arubaini kwa sitini. Karatasi inaandikwa, mashahidi wanasimama, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anagonga muhuri, mnazi mmoja unaangushwa. Mwaka unaofuata anakuja wa pili.

Nilifuata kwa macho eka tatu moja ya upande wa Fuoni tangu ikiwa na minazi. Mnunuzi wa kwanza alichagua mbele, karibu na barabara. Wa pili nyuma yake, akaachiwa njia ya kupita. Wa tatu akaachiwa njia nyembamba zaidi, kwa sababu wa pili alipojenga ukuta aliusogeza kidogo. Wa sita hana njia, ana upenyo. Jokofu lake lilipitishwa juu ya ukuta wa jirani, wanaume wanne wakilipokezana. Gari la kunyonya karo haliwezi kumfikia, likija linasimama barabarani na mpira wake haufiki. La zimamoto tusilitaje. Na hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyefanya jambo la kijinga. Kila mmoja alinunua alichoweza kununua, akajenga taratibu, tofali baada ya tofali, kama tunavyojenga sote. Ukizidisha shamba lile mara elfu, utapata ramani ya Magharibi.

Si kwamba hapakuwa na mipango. Zanzibar imepangwa kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Mwaka 1923 kulikuwa na mpango wa Muingereza Lanchester, mwaka 1958 wa Kendall, mwishoni mwa miaka ya 1960 Wajerumani wa Mashariki wakaleta wao, mwaka 1982 Wachina. Wa Wajerumani ndio ulioacha alama inayoonekana hata ukiwa kwenye ndege: majumba ya maendeleo ya Michenzani, marefu kama treni zilizoegeshwa, yakikutana katikati ya Ng'ambo. Lakini ukitazama mipango hiyo yote utaona shughuli yake kubwa ilikuwa mji uliokwisha kuwepo na ukingo wake. Watu wakajenga nje ya karatasi.

Tuje kwenye udongo, kwa sababu kisiwa kina hesabu zake. Unguja haina udongo mzuri kila mahali. Mashariki na kusini kuna uwanda, jiwe la matumbawe lenye udongo wa kukwangua, mkulima anapanda kwenye mashimo. Magharibi na katikati ndiko kwenye udongo mzuri, kichanga na kinongo, na kwenye mabonde yenye bopwe la mpunga. Karafuu, minazi na mboga vilikuwa huku. Na bandari ilikuwa huku pia, kwa hiyo mji ukaanzia huku, na ukipanuka unapanuka juu ya udongo ule ule mzuri. Uwanda unabaki kwa mahoteli. Ukitaka kupanga upotevu kwa akili timamu usingepata mpango bora kuliko huo.

Na udongo ule ndio pia unaopokea mvua. Maji ya mji wa Zanzibar yanatoka ardhini, visimani na kwenye chemchemi, na yaliyo ardhini yanatoka mbinguni. Hatuna mto mkubwa wala ziwa la kuvutia bomba. Johannesburg, iliyojengwa mbali na mto wowote mkubwa, hupata maji yaliyosafirishwa kutoka milima ya Lesotho. Sisi tukivuta mbali sana tunafika Chwaka, na baada ya Chwaka ni bahari. Ndiyo maana msitu wa Masingini, ule wa juu ya ukingo nyuma ya Bububu, si mapambo. Uholanzi wanafahamika kwa kitu wanachokiita moyo wa kijani: Amsterdam, Rotterdam, The Hague na Utrecht zimejipanga kama pete, na katikati yake wameacha malisho na mashamba kwa makusudi, wanapigania yasijengwe. Wao wanaacha nafasi ili miji isimezane. Kwetu swali si la uzuri wa mandhari. Kila paa na kila ua uliomiminwa zege ni mvua inayokimbilia mtaroni badala ya kuzama kisimani, na huko mtaroni inakwenda kumfurika mwengine. Waliokuwa wakivuka Mwanakwerekwe wakati wa masika, viatu mkononi, wanaelewa.

Mwanakwerekwe pia ni mahali pazuri pa kutazama kipande cha mwisho, yaani serikali inayokuja nyuma ikihema. Mji huu mmoja una mabaraza matatu ya manispaa: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Ukisogea mashariki kidogo, ukafika Tunguu, yalipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, umeshatoka si wilaya tu, umetoka mkoa: uko Kusini Unguja. Mwanafunzi anayelala Mpendae na kusoma Tunguu anavuka mpaka wa mkoa mara mbili kwa siku na hajui, wala hana sababu ya kujua. Maji ya mvua nayo hayajui. Taka hazijui. Lakini gari la taka linajua, na mtaro uliojengwa na upande mmoja unajua pa kuishia.

Wengine wamejaribu kulitatua hili kwa njia tofauti, na hakuna iliyo safi. Afrika Kusini ina Johannesburg na Pretoria, kilomita kama 55 kati yao. Pretoria ndiyo kongwe, ya 1855. Johannesburg ilizuka na dhahabu mwaka 1886. Leo Midrand na Centurion zimeujaza mwanya wa katikati na tangu 2011 kuna treni ya kasi. Mkoa wa Gauteng unaozibeba ni asilimia kama 1.5 tu ya ardhi ya nchi, na unabeba karibu robo ya watu wake. Hawakufanya jiji moja. Walifanya mamlaka kubwa tatu, Johannesburg, Tshwane (ndiyo yenye Pretoria) na Ekurhuleni, na mkoa juu yake. Afrika Magharibi ni kugumu zaidi: kutoka Abidjan hadi Lagos, kupitia Accra, Lomé na Cotonou, miji inajongeleana kwenye mwambao wa kilomita kama elfu moja, na mwambao huo ni wa nchi tano. Lomé imeegemea mpaka wa Ghana kiasi kwamba mtu akitoka sokoni na kutembea kidogo yuko nchi nyengine. Na kuna Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayoonana kwa macho, mto Kongo katikati yao, na hadi leo hakuna daraja. Watu wanavuka kwa boti.

Boti zinatuleta nyumbani. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, iko upande wa pili wa mkondo. Boti ya kasi inachukua kama saa mbili, ndege dakika ishirini. Kuna wafanyabiashara wanaoondoka asubuhi kwenda Kariakoo na kurudi jioni na mizigo. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, unaibukia Fumba, na kule Fumba na Nyamanzi sasa unachomoza mji mpya wa maghorofa. Kwa kipimo changu cha safari ya asubuhi, bado hatujaungana na Dar: nauli ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida kwenda na kurudi kila siku. Kwa kipimo cha umeme, tumeungana tangu 1980, waya wa kwanza ulipofika. Kwa kipimo cha vitunguu na mbatata, usiniulize, nenda Darajani siku bahari imechafuka na boti za mizigo hazijaja, utazame bei.

Pemba ni hadithi nyengine kabisa, na naipenda zaidi kwa sababu bado iko mwanzoni. Chake, Wete na Mkoani ni miji mitatu ya kweli, kila mmoja na bandari au mkono wake wa bahari, kila mmoja na majumba yake ya ghorofa ya baada ya Mapinduzi yaliyosimama kwenye minazi kama yamepotea njia. Hakuna anayeitawala mingine. Mpemba wa Wete hatakwambia anakwenda mjini akimaanisha Chake. Atasema anakwenda Chake. Kwa umbo, basi, Pemba inafanana na Ruhr kuliko inavyofanana na Unguja, ijapokuwa hakuna makaa ya mawe, kuna karafuu. Vilima na mabonde yake ya mpunga vinazuia nyumba kutambaa ovyo: juu ya mgongo wa kilima watu wanajenga, chini bondeni wanalima, na mji hauwezi kushuka bondeni bila kulowa.

Lakini safari imeshaanza. Simama Chake asubuhi kwenye magari yanayotoka Wete, utazame wanaoteremka. Walimu, wauguzi, makarani wenye mikoba ya ngozi ya bandia, kijana mwenye kompyuta mgongoni. Wengi watalala Wete usiku huu. Pembeni ya barabara waliyopita, mahali palipokuwa na karafuu tupu, kuna matofali yaliyopangwa na kufunikwa makuti yasiote kuvu, na msingi mmoja uliochimbwa lakini haujajengwa, umejaa maji ya mvua ya jana.